UZI: Watunzi wa chemshabongo, mada mnazitoa wapi? Wilaya saba za Dodoma zimenikalia kooni

Mtoa_Kopi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wa nyumbani, mbukwenyi.

Nina kibanda cha kutoa kopi huku Chang'ombe. Kila Jumamosi natengeneza chemshabongo ya ukurasa mmoja, zile za maneno ya kulala na ya kushuka, naigawa bure kwenye kijiwe cha kahawa. Nilianza kwa utani tu, sasa wazee wamenogewa na wananidai kama vile nimewakopa.

Shida yangu ni moja. Nachomeka neno lolote linaloingia. Wiki iliyopita mzee mmoja aliirudisha karatasi, akaniambia, "Kijana, hii siyo chemshabongo, hii kachumbari." Iliniuma kwa sababu alisema kweli. Nikaona nitunge yenye mada, nikachagua "Vyakula". Kidokezo kimoja niliandika: "Chakula cha Wagogo, herufi tano." Mimi kichwani nina UWELE. Nusu ya kijiwe wamejaza MTAMA, mmoja kajaza UGALI na haambiliki. Kahawa zilipoa watu wanabishana.

Naomba wajuzi mnieleze. Mada inatoka wapi? Na ukishaipata unaijengaje mpaka isimame?

---

Boda_wa_Area_C

Nimekaa siti ya mbele. Mimi huwa nazijaza nikisubiri abiria, sikujua kuna watu wanaumia kuzitunga.

---

Mwl_Mstaafu

Kijana, "Vyakula" siyo mada, ni kapu. Kapu halina mwisho, kila kitu kinaingia, ndiyo maana mtama, uwele na ugali vyote vilienea. Mada ni ile ambayo mjazaji akipata neno la pili au la tatu anaanza kuyanusa mengine kabla hajasoma vidokezo. Tena akimaliza, aone hakuna la kuongeza wala la kupunguza.

Kwa hiyo tafuta kundi lililofungwa. Siku za juma zimefungwa. Ngeli zimefungwa. Miji mikuu ya Afrika imefungwa, ila ni mingi mno kwa ukurasa wako. Ukishalipata kundi usikimbilie rula. Chukua kalamu uhesabu herufi za kila neno. Mada inayopendeza mdomoni inaweza kukataa kuingia kwenye visanduku, na huo ugomvi huwezi kuushinda kwa kubembeleza.

Kingine kinachozaa mada ni sikio. Mimi nyingi nimezipata kwenye daladala. Konda anaita vituo, neno moja linagoma kutoka kichwani, unaligeuza, unalikata kichwa, unalikata mkia. Nina daftari la hayo makombo. Mengi hayajazaa kitu mpaka leo, na sijawahi kulitupa.

---

Mwanachuo_Mbishi

Naongezea hapo kwa mwalimu. Huu mchezo ulianza New York. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alichapisha la kwanza kwenye gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na lilikuwa na umbo la almasi. The New York Times walilidharau miaka mingi, wakaja kuanza lao 1942.

Lakini lililonifanya niheshimu watunzi ni la hao hao Times la tarehe 5 Novemba 1996, siku ya uchaguzi wa rais Marekani. Mtunzi Jeremiah Farrell aliweka kidokezo cha habari kuu ya gazeti la kesho. Waliojaza CLINTON walikuwa sahihi. Waliojaza BOBDOLE nao walikuwa sahihi. Yote yana herufi saba, na kila neno la kushuka lililopita pale lilikuwa na majibu mawili. Kwa mfano mnyama mweusi wa Halloween: ukiwa na C anakuwa paka, ukiwa na B anakuwa popo, kwa Kiingereza herufi moja tu inabadilika. Watu walikasirika wakidhani gazeti limetabiri.

Sasa fikiria, jambo lote lile lilisimama juu ya bahati kwamba majina mawili ya wagombea yana herufi saba saba. Mwalimu yuko sahihi, hesabu kwanza.

---

Mtoa_Kopi

Shikamoo mwalimu. Nimeelewa. Nimekaa hapa kibandani nikajiuliza kundi gani lililofungwa kila mzee wa kijiweni analijua. Nimepata: wilaya za mkoa wetu. Ziko saba, hakuna atakayebisha.

DODOMA 6
KONDOA 6
KONGWA 6
CHEMBA 6
MPWAPWA 7
CHAMWINO 8
BAHI 4

Nimezitazama kama dakika kumi. Nne zina herufi sita sita! Nani alipanga?

---

Mwl_Mstaafu

Marahaba. Hapo umepata kitu, usikiachie.

Jedwali la heshima lina ulinganifu. Ukiligeuza kichwa chini miguu juu, visanduku vyeusi vinabaki palepale. Maana yake kila neno la mada linahitaji mwenzake wa urefu uleule upande wa pili. Sita nne ni jozi mbili. MPWAPWA ni ya peke yake na herufi zake ni witiri, basi inakaa katikati kabisa, A yake ya kwanza kwenye kitovu. Umebaki na CHAMWINO na BAHI, nane na nne, hazilingani. Hapo ndipo mtunzi anapotoka jasho.

---

Mrembo_wa_Bahi_Road

Weka BAHIROAD, herufi nane 😂

---

Mwl_Mstaafu

Binti, Bahi Road iko mjini. Bahi yenyewe iko Bahi.

---

Mtoa_Kopi

Nimelala nalo, nimeamka nalo. Mwalimu, angalia hapa. Nane inahitaji nane na nne inahitaji nne, lakini hakuna aliyesema wenzao lazima wawe wilaya. Wanaweza kuwa maneno yanayoitaja mada yenyewe:

WILAYANI 8
SABA 4

Na angalia zinavyokaa kwenye upana wa 13:

D O D O M A ■ K O N D O A
C H A M W I N O ■ B A H I
■ ■ ■ M P W A P W A ■ ■ ■
S A B A ■ W I L A Y A N I
C H E M B A ■ K O N G W A

(Kati ya mistari hii kuna mingine, nimeonyesha ya mada tu.) Kila mstari 13 kamili, sijalazimisha popote. Nilipiga kelele, mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akadhani nimepigwa shoti.

---

Boda_wa_Area_C

Aisee. Sita na sita na cheusi katikati. Nane na nne. Hii imepangwa na mababu.

---

Mwl_Mstaafu

Imekaa vizuri sana, na nakupongeza. Sasa nakuvunja moyo kidogo.

Tazama mstari wako wa mwisho kabisa. Maneno ya kushuka yanapita safu moja, yanaruka moja. Yatamalizikia kwenye C, E, B, kisha O, G, A. Nitajie neno la Kiswahili linaloishia na C. Linaloishia na G. Nakusubiri.

Watunzi wa Kiingereza hawana ugonjwa huu, maneno yao yanaishia popote. Sisi maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo mstari wa chini kabisa na safu ya mwisho kulia ni mali ya irabu. Ukiweka mada pale umeweka nyumba kwenye mkondo wa maji.

Na hili ndilo linawashinda wanaonakili majedwali ya Kimarekani, yale ambayo kila herufi inapitiwa na maneno mawili. Jaribu mwenyewe. Andika MAJI. Mstari wa chini yake, M inataka ifuatwe na irabu, A inataka konsonanti, J inataka irabu, I inataka konsonanti. Umepata neno la herufi nne linaloanza na irabu na kuishia na konsonanti! Yako mangapi? Lugha yetu inatembea kushoto kulia kama mtu mwenye miguu miwili, ukiwapanga watu wawili juu na chini wanakanyagana. Unapata nafuu kwenye maneno yenye mb, nd, ch, au irabu mbili kama UPAA, lakini hayo ni machache na utayachosha. Mtindo wa Uingereza, wa kupitiana herufi moja na kuruka moja, unatufaa zaidi.

---

Mwanachuo_Mbishi

Kwa hiyo afute yote?

---

Mwl_Mstaafu

Hapana. Aongeze mstari mmoja chini ya mada, uwe wa kupokea irabu. Na kwa kuwa ulinganifu unadai, aongeze mmoja juu, na safu moja kila upande. Litakuwa 15 kwa 15, ndicho kipimo cha kawaida cha majedwali ya kila siku kule Marekani. Halafu abadilishane CHEMBA na KONGWA. Kwa nini? Nataka aone mwenyewe.

---

Mtoa_Kopi

Nimeona, mwalimu! CHEMBA ikikaa kushoto, C yake inapitiwa, na C haiwezi kufuatwa na irabu, inataka H. Nikiweka KONGWA kushoto na CHEMBA kulia, herufi zinazopitiwa ni K, N, W, H, M na A. Nikiongeza irabu chini ya hizo tano za kwanza napata miisho -KA, -NA au -NI, -WA, -HA, -MA au -MU. Nusu ya Kiswahili inaishia hivyo.

Nimekesha. Sasa kila kitu kimesogea hatua moja, kwa hiyo mada iko mistari ya 2, 4, 8, 12 na 14. Pembe zimekaa hivi:

Safu ya 2, juu: inaanza na D ya DODOMA, C ya CHAMWINO iko nafasi ya tatu. DUCHU.
Safu ya 14, juu: A ya KONDOA, I ya BAHI. Nilianza na ALIZETI nikashangilia, zao letu kabisa. Ulinganifu ukaikataa, maana mwenzake wa upande wa pili angeishia kwenye K. Niliiondoa nikiwa na huzuni, nikaweka KARIBU, inaanzia mstari wa kwanza kabisa.
Safu ya 2, chini: S ya SABA, K ya KONGWA. MASIKA.
Safu ya 4: juu UDHAIFU, chini ZABUNI.
Safu ya 12: juu ADHABU, chini KULAUMU.
Safu ya 14, chini: SHIDA.

---

Mkulima_wa_Hombolo

Samahani, mimi ni msomaji tu wa uzi huu. MASIKA kwenye jedwali la Dodoma? Sisi huku hatuna masika na vuli, tuna msimu mmoja, mvua inaanza Desemba ikichelewa sana tunafunga mikono, Aprili imeisha. Masika ni ya watu wa Pwani.

---

Mtoa_Kopi

Nimepokea, mzee wangu. Nimebadilisha kuwa PASUKA, herufi zilezile zinapita, S na K.

---

Mrembo_wa_Bahi_Road

Nimehesabu: UDHAIFU, ADHABU, KULAUMU, SHIDA, PASUKA. Kaka, mkoa wetu umekukosea nini? Mtu akimaliza hii anahamia Morogoro.

---

Mtoa_Kopi

😂😂 Dada, kuna KARIBU juu kulia. Na ZABUNI kwa ajili ya watu wa maofisini.

---

Mwanachuo_Mbishi

Chunga, mji wa Bunge huu. Uingereza mwaka 1944, wiki chache kabla ya majeshi kutua Normandy tarehe 6 Juni, mafumbo ya Daily Telegraph yalitoka na majibu UTAH, OMAHA, MULBERRY, NEPTUNE na OVERLORD. Yote yalikuwa majina ya siri ya ule uvamizi. Mtunzi, Leonard Dawe, alikuwa mwalimu mkuu wa shule. Makachero wakaja kumhoji. Wewe na ZABUNI yako…

---

Boda_wa_Area_C

Duh. Mtoa Kopi, ukikamatwa hatukujui.

---

Mwl_Mstaafu

Turudi kwenye kazi. Vidokezo vya mada. Usiandike "Wilaya ya Dodoma" mara saba, mtu atasinzia. Majina haya yana vitu ndani. Yakate uone. Nakuanzishia na DODOMA: mbele kuna DODO.

---

Mrembo_wa_Bahi_Road

Huu mchezo nautaka mimi! Nimekaa na mama jikoni tumepata haya:

DODOMA: "Embe kubwa limetangulia, tembo akazama." (Ile hadithi ya Idodomya, wote tumekua nayo.)
CHAMWINO: "Ina Ikulu, na mkia wake ni wa kuandikia." WINO!
MPWAPWA: "Mtoto wa dada, mwite kwa kigugumizi."
KONDOA: "Ukiibadili herufi ya mwisho inalia mee. Michoro yake ya miambani iliingia orodha ya UNESCO mwaka 2006."
KONGWA: hapa mama ndiye alinishtua. Kongwa ni ule mti wenye panda uliofungwa shingoni mwa watumwa. Kwa hiyo: "Mti wa shingoni mwa mtumwa, na karanga zilizowashinda Waingereza." Ule mradi wao wa 1947 uliokufa baada ya miaka minne.
CHEMBA: "Njoo pembeni tuongee, wengine wasisikie."

BAHI imegoma. Mama kasema hata yeye imemshinda na akaniambia niangalie mboga.

---

Mkulima_wa_Hombolo

BAHI ni BAHATI iliyoibiwa herufi mbili. Mpunga ukabaki.

---

Mwl_Mstaafu

Mzee wa Hombolo, ulisema wewe ni msomaji tu!

---

Mtoa_Kopi

Nachukua vyote, na jina la mama litaandikwa chini kama "Mama wa Bahi Road". Sasa nina kidonda kimoja kikubwa. Safu ya 8, ya katikati kabisa. Inaanzia mstari wa 4 kwenye N ya CHAMWINO, inapita A ya MPWAPWA katikati, inamalizikia mstari wa 12 kwenye I ya WILAYANI. Herufi tisa:

N _ _ _ A _ _ _ I

Nimejaribu NYUMBANI, ina nane. Nimepekua kamusi ukurasa mzima wa N, nimepitia NJ, NY, ND. Hakuna. Nikiikata katikati napoteza ulinganifu wa kitovu. Siku mbili sasa sijalala vizuri na wateja wanalalamika kopi zimepinda.

---

Mwanachuo_Mbishi

Nomino za herufi tisa zenye N mwanzo na A katikati na I mwisho… hamna. Vunja jedwali, mkuu. Wakati mwingine mada nzuri inakufa.

---

Boda_wa_Area_C

Lazima iwe nomino?

---

Mwanachuo_Mbishi

Kwa desturi tunaweka neno kama lilivyo kwenye kamusi.

---

Mwl_Mstaafu

Desturi ya nani? Kamusi ya Kiswahili inaandika kitenzi kwa shina tu, lakini hakuna Mswahili anayeongea mashina. Kitenzi chetu kimoja ni sentensi nzima. Mwingereza akitaka kusema hivyo anatumia maneno manne. Hiyo ni mali tuliyopewa, kwa nini tuifungie kabatini? Mimi naruhusu kitenzi kilichonyambuliwa, kwa sharti moja: kiwe kile ambacho mtu anakitamka kila siku, siyo kile ulichokiunganisha kama mkokoteni ili kienee. Boda, ulikuwa na neno?

---

Boda_wa_Area_C

Sijui kama nimehesabu vizuri, nipo kwenye pikipiki nasubiri mtu hapa stesheni ya SGR.

NIMEAMINI

---

Mtoa_Kopi

N-I-M-E-A-M-I-N-I. Tisa. A katikati. I mwisho.

Wakuu, nimesimama. Nimekaa. Nimesimama tena.

---

Mwanachuo_Mbishi

Haya. Nimeamini.

---

Mwl_Mstaafu

Kidokezo kimepatikana hapo hapo: "Nilikuwa mbishi, sasa basi."

---

Mrembo_wa_Bahi_Road

Boda apewe kahawa ya mwaka mzima.

---

Mtoa_Kopi

Atapewa. Zimebaki mistari ya 6 na 10. Wa 10 unaanza na P ya PASUKA, unaruka kisanduku, unakutana na Z ya ZABUNI. P _ Z. Mwenzake ni pembe ya kulia ya mstari wa 6, unaoishia U _ U.

---

Mkulima_wa_Hombolo

PAZIA. Na kule NGUVU. Tano tano.

---

Mtoa_Kopi

Mzee, njoo ufungue kibanda chako hapa pembeni tu. Vyumba vya katikati nitavimalizia usiku, Jumamosi natoa kopi 40. Majibu naweka nyuma ya karatasi kama siku zote.

---

Mkulima_wa_Hombolo

Usiweke nyuma, kijana. Karatasi zako nyepesi. Wale wazee wanainyoosha juani na kusoma majibu yote kabla kahawa haijamiminwa, mimi ni mmoja wao.